Mwalimu Anavuka Gucha kule Bloomington

Tok, tok, tok, tok.

Nilifungua macho. Alfajiri ilikuwa bado, theluji ya Machi imelala dirishani, na chini ya sakafu ya chumba chetu kitu cha mti kilikuwa kinagonga kitu cha bati. Nikahesabu, kwa maana mke wa mwalimu wa kwaya huhesabu hata asipotaka. Nne. Nne tena. Halafu nne za polepole, kisha za polepole zaidi, kama mtu aliyechoka anapanda ngazi. Halafu kimya.

Nilivaa sweta nikashuka. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kukaushia nguo, amevaa pajama na kofia ya sufu, na mkononi ameshika mwiko wangu wa ugali. Daftari lilikuwa wazi juu ya mashine.

"Mwalimu," nikamwambia, "huo mwiko una kazi yake."

"Leo una kazi yangu."

"Unapika nini saa hizi?"

"Napika Gucha," akasema, lakini hakucheka. "Mama Serah, imesimama tena. Hata nikiwa peke yangu inasimama."

Nilimwondolea mwiko mkononi polepole, nikaenda kuweka maji ya chai. Mtu wa miaka sabini na sita hupewa chai kwanza, maneno baadaye.

Mume wangu ni Naftali Ombati. Alifundisha shule ya msingi Kisii miaka thelathini na minne, na kwa miaka yote hiyo aliongoza kwaya ya kanisa. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza, mstari wa nyuma. Alipokuwa chuo cha ualimu, mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao alimwachia santuri kumi na moja. Ulikuwa muziki wa okestra wa zamani wa Ulaya, ule unaoanza kama mtu ananong'ona na kuishia kama mlima unaporomoka. Mwalimu alizisikiliza mpaka zikaanza kukwaruza. Kisha akaanza kuandika zake. Akimaliza kusahihisha madaftari ya watoto, alifungua lake. Aliandikia fidla na mapembe na ngoma kubwa za shaba, na Kisii nzima hakukuwa na okestra hata moja. Wenzake walimtania. Mwalimu mkuu alimwuliza kama anaandikia malaika.

Tena aliandika kwa solfa. Kwaya za kwetu hazisomi ile mistari mitano ya Wazungu. Zinasoma d, r, m, na nukta za kuonyesha mapigo. Alijaza madaftari ishirini ya kurasa mia mbili kwa herufi hizo. Binti yetu Serah, ambaye ni nesi, alipotuleta huku ughaibuni, mji wa Champlin, tukae naye, mzigo wetu ulizidi uzito pale uwanja wa ndege, na Mwalimu akatoa koti lake zito akaliacha, madaftari yakaja.

Mjukuu wetu Kemunto hupuliza klarineti shuleni. Ni yeye aliyeketi na babu yake majira mawili ya baridi, Mwalimu akiimba herufi, yeye akiziandika kwenye kompyuta zigeuke noti za mistari. Nikipita na nguo nilikuwa namsikia, "Babu, slow down!" Naye anajibu, "Mimi ndiye mzee, na wewe ndiye unaomba polepole?" Kemunto akampelekea mwalimu wake wa muziki, naye akazituma kwa okestra moja ya Bloomington. Si watu wa kulipwa. Kuna daktari wa meno, kuna dereva wa basi, wengi wamestaafu. Jioni moja kwa wiki wanafungua masanduku yao ya ala na kucheza.

Mwaka jana, majani yakianguka, walicheza kipande chake kifupi, "Asubuhi ya Manga". Kiongozi wao, Bwana Halvorson, ndiye aliyeshika kijiti. Watu walisimama wakapiga makofi. Mwalimu alilia, na sote tukadhani ni furaha. Ndani ya gari aliniambia, "Wamecheza vizuri sana. Wamenitendea wema. Lakini waliikimbiza, Mama Serah. Miaka arobaini nimeisikia kichwani, na ile si yenyewe."

Kwa hiyo walipomwomba kipande kirefu, kile cha dakika ishirini na mbili kiitwacho "Kuvuka Gucha", aliomba jambo moja tu. Akiongoze mwenyewe. Alikiandika kwa ajili ya mama yake, aliyevuka mto Gucha mwaka wa mafuriko, mzigo wa nafaka ya wimbi kichwani na Mwalimu mgongoni. Bwana Halvorson alikubali mara moja.

Mazoezi ya kwanza nilikwenda naye. Nilikaa nyuma na mkoba wangu. Alipanda kile kijukwaa kidogo, akainua kijiti, na muziki ukaanza. Sitasahau. Herufi nilizokuwa nazifuta vumbi chini ya kitanda zilisimama zikawa watu. Lakini walipofika katikati, mahali pa polepole, pakawa polepole kweli. Fidla zikavuta. Mwalimu akavuta. Kila kundi lililoingia aliliinamishia kichwa, kama kusema asante, na akimaliza kushukuru pigo linalofuata limeshachelewa. Ukurasa wa kumi na nne walikuwa wanatambaa. Ukurasa wa kumi na tano walisimama. Mtu mmoja akakohoa. Mwalimu akaweka kijiti chini akasema kwa Kiingereza, "Asanteni, nzuri sana," na mimi peke yangu ndani ya ukumbi ule nilijua sauti ile inatoka wapi.

Bwana Halvorson alimletea kiti na maji. Akachutama mbele yake ili asimtazame kutoka juu, jambo ambalo nililiona. Akasema, "Alhamisi tutajaribu tena. Ikiwa ngumu, niachie kijiti. Wewe utakaa mstari wa mbele, nami nitakuita usimame watu wakuone." Alisema kwa upole. Lakini hata mlango uliofungwa kwa upole umefungwa.

Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja mrefu mwenye mvi alitufuata mpaka kwenye gari, akagonga kioo. Alikuwa Marlys, anayekaa kiti cha kwanza cha fidla na kuwatangulia wenzake. "Jumanne njooni kwangu," akasema. "Nitaita watu watatu. Tutajaribu pale pagumu bila haraka."

Hiyo Jumanne ndiyo asubuhi ya mwiko.

Serah alikuwa kazini, kwa hiyo aliyetupeleka ni jirani yetu Donatille, mama wa Bukavu. Alikuwa ametoka shifti ya usiku katika nyumba ya wazee, macho mekundu, hata viatu vya kazi hajavua.

"Donatille, nenda ulale," nikamwambia. "Tutapata mtu mwingine."

"Mama Serah, acha. Nitalala huko kwa huyo mama. Mi naweza ku-drive mpaka Chicago nikiwa na kahawa. Ingia, ingia, papa Mwalimu akae mbele."

Inver Grove Heights ni mbali kutoka kwetu, upande mwingine kabisa wa jiji. Nyumba ya Marlys iko juu ya kilima, na kutoka dirishani unaona mto Mississippi chini, barafu imeanza kukatika vipande vipande. Njia ya kuingilia ilikuwa utelezi. Mwalimu alishuka na begi lake akatangulia kama kawaida, moja kwa moja mpaka mlangoni, mimi nyuma na mkebe wangu wa chapati, hatua kwa hatua. Marlys alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Aliharakisha akanishika mkono.

"Philister, kila siku anakuacha hivi?" akaniuliza. Huku hata mtoto anakuita kwa jina lako, nimeshazoea.

"Hajaniacha," nikamwambia. Alinitazama kama mtu anayetaka kubisha lakini amefunzwa adabu.

Sebuleni alikuwa ameweka viti vinne. Palikuwa na yeye, mzee mmoja wa fidla, mwanamke kijana wa fidla ile kubwa kidogo, na bwana wa chelo, ile ambayo mtu huiweka katikati ya magoti. Donatille alikaa kwenye kochi, na kabla kahawa haijamiminwa alikuwa amelala. Marlys aliacha kila kitu, akaleta blanketi akamfunika mpaka mabegani, kisha akawaambia wenzake waanze kwa sauti ya chini. Mimi nilimpenda kuanzia hapo.

Walijaribu. Wakavuta, wakatambaa, wakasimama.

"Naftali," Marlys akasema, "nikueleze kitu. Sisi hatuchelewi. Okestra hucheza nyuma kidogo ya kijiti, kila mahali duniani. Kijiti kinashuka, sauti inakuja baada yake. Wewe unasikia tumechelewa, unatungoja. Sisi tunaona umepunguza mwendo, tunakungoja. Mwishowe tunangojana mpaka tunasimama."

Mwalimu alifikiri. "Kwaya yangu iliimba pamoja na mkono wangu. Kinywa changu na vinywa vyao vilikuwa kimoja. Tena kulikuwa na wazee. Mtu akikosa pumzi, unamngoja. Mwalimu wa kwaya asiyengoja watu, kwetu hana adabu."

"Naelewa. Ni adabu nzuri. Lakini usitungoje."

"Na pia usitushukuru kila tunapoingia," bwana wa chelo akasema. "Ukiniinamishia kichwa, na mimi najisikia nikuinamishie changu, halafu napotea."

Walicheka wote, hata Mwalimu. Wakajaribu tena. Nilimwona anavyopigana na mkono wake. Kichwa kilikuwa kimeelewa, mkono haukuelewa. Ulishuka, ukasikia fidla bado hazijafika, ukasita njiani kama mtu anayeshikilia mlango ili mwenzake apite. Mara ya pili. Mara ya tatu. Jasho likamtoka na huku nje ni barafu. Akaweka kijiti juu ya piano, akaketi.

"Labda Bwana Halvorson anasema kweli," akasema kwa Kiswahili, kwangu mimi tu. "Atangulie yeye. Nitakaa mbele. Nitasimama wakiniita."

Nilimjua. Mtu huyu hakuwahi kuniambia anataka kitu kwa ajili yake mwenyewe, isipokuwa wino. Hata chumvi ikipungua mezani anakula hivyo hivyo. Kama angekaa mstari wa mbele Jumapili ile ya onyesho, angepiga makofi na kushukuru kila mtu, na angerudi nyumbani akafunga madaftari yale asiyafungue tena.

Nikaweka kikombe chini.

"Mwalimu, tuliposhuka kwenye gari, nani alitangulia?"

"Mimi."

"Uligeuka kuniangalia?"

"Nigeuke kwa nini?"

"Kulikuwa na barafu. Ningeanguka je?"

"Ungepiga kelele. Sauti yako naijua."

"Haya. Na sokoni? Na kanisani? Na siku ile uliyonichukua kwa baba yangu, tukashuka kile kilima mpaka kwenu, ulinigeukia hata mara moja?"

"Mama Serah, haya ni mashtaka? Tuko kwa watu."

"Jibu tu."

"Hapana. Sikugeuka."

"Miaka hamsini na moja unatembea mbele yangu na hugeuki. Watu wa huku wananihurumia. Kwa nini hugeuki?"

Alinikunjia uso kama nimemwuliza kwa nini maji ni maji. "Kwa sababu najua unakuja."

"Basi na hawa wanakuja," nikamwambia. "Wako nyuma yako hatua mbili, kama mimi. Tembea."

Wale wanne walikuwa wanatutazama, hawajui kama ni ugomvi. Ndipo sauti ikatoka chini ya blanketi, kwa Kiingereza. Donatille hakuwa amelala kiasi kile tulichodhani.

"Anasema, nyinyi wote ni bibi yake. Msiogope, yeye anawaacha nyuma tu, si kwamba amewatupa."

Marlys alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee wa fidla akasema yeye ameshaolewa, samahani. Bwana wa chelo akasema yuko tayari, ila hapiki. Na Mwalimu, aliyekuwa anajaribu kubaki mkali, mabega yakaanza kumtikisika.

Alisimama akashika kijiti. Alitazama dirishani, si viti. Mkono ukashuka.

Alitembea. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Mkono wake ulikwenda jinsi miguu yake inavyokwenda, sawasawa, bila kuuliza, na muziki ukaja nyuma yake hatua mbili, umebeba mkebe wake. Alipofika pale pagumu uso wake ulitaka kugeuka, nikaona. Haukugeuka. Walipomaliza ule ukurasa wa kumi na tano waliingia wa kumi na sita, ambao hawakuwahi kuufikia, na bwana wa chelo alikosea kwa sababu ya kuushangaa.

Alhamisi Bwana Halvorson alikaa safu ya nyuma, karatasi juu ya magoti na kalamu mkononi. Mimi nilikaa mahali Mwalimu anaweza kusikia kikohozi changu. Na nilikohoa mara moja, mapembe yalipoingia, kwa kuwa nilimwona shingo inataka kuwapa asante. Ilirudi mahali pake. Walifika mwisho. Hawakufika vizuri, ngoma iliwahi, zumari moja ilipotea na kurudi kama mbuzi aliyeona mlango. Lakini walifika.

Bwana Halvorson alikuja mbele. Hakusema hotuba. Alishusha kile kinara cha kuwekea karatasi kidogo, kwa kuwa Mwalimu ni mfupi na alikuwa amekaza shingo jioni nzima, akageuza taa yake isimpige machoni. "Jumapili ni yako," akasema. Kuna watu huomba radhi kwa maneno, na kuna wanaoshusha kinara.

Jumanne iliyofuata tulikwenda tena kwa Marlys, na Ijumaa kabla ya jua kuzama Mwalimu alifunga daftari kwa ajili ya Sabato yetu ya Jumamosi na hakuligusa mpaka Jumapili asubuhi, ingawa nilimwona akilizunguka.

Ukumbi ule wa Bloomington uko karibu na uwanja wa ndege. Nilikuwa naogopa ndege zitapita juu wakati wa fidla. Watu wetu walikuja wengi. Walitoka Brooklyn Park na Champlin, akina mama na nguo zao za kanisani za siku iliyotangulia, akina baba na tai, na vyakula viko kwenye magari kwa sababu hakuna Mkisii atakayekuja kwenye jambo la mtu mikono mitupu. Wazungu wa pale, waliozoea viti vitupu, walikuwa wanasogea kutupisha, wakitabasamu. Mzee mmoja alinipa kiti chake cha pembeni ili nimwone mume wangu vizuri. Sikujua jina lake, na sitalijua.

Kwanza walicheza vipande viwili vya wengine, Bwana Halvorson akiongoza. Kisha akashuka, na Mwalimu akatokea upande na suti yake ya kustaafia. Serah alikuwa upande wangu wa kulia, amebadilishana shifti. Kemunto alikuwa ameuma ukucha. Donatille alikaa nyuma yangu, safari hii amelala vya kutosha, amevaa kitenge cha manjano kinachoonekana mpaka angani.

Mwalimu alituinamia, akatupa mgongo, akainua mkono.

Ulianza kwa kunong'ona. Chelo zilikuwa mto kabla ya mvua, maji ya hudhurungi yanayopita taratibu bila nia mbaya. Kisha mapembe, mbali, mlimani. Nilimtazama mgongo. Kwa miaka mingapi nimeutazama mgongo ule? Niliujua koti likikaza begani. Pale pa polepole palipokaribia nilishika mkono wa Serah.

Alitembea. Fidla zikamfuata. Ilikuwa polepole, lakini ilikuwa inakwenda, kama mtu mwenye mzigo kichwani anavyokwenda, hakimbii na hasimami. Niliwasikia watu wakiacha kukohoa. Kisha maji yakapanda. Okestra nzima ikasimama juu ya mto, ngoma kubwa zikinguruma, mapembe yakiita, mpaka nikasahau kwamba najua mama huyu anavuka salama, kwa kuwa nimeolewa na mtoto aliyekuwa mgongoni.

Na hapo katikati ya ngurumo, Mwalimu alikata. Kimya. Mapigo manne ya kimya kabisa, ndivyo alivyoandika. Mama ameteleza, na mto haujaamua.

"Ayiyiyiyiyiyiii!"

Kilikuwa kigelegele, na kilitoka nyuma yangu, kwenye kitenge cha manjano. Donatille alidhani imekwisha. Na kigelegele hakiachwi peke yake. Akina mama wa Brooklyn Park wakakidaka, makofi yakaanza, mtu mmoja akasimama. Kwetu ni hivyo. Kwaya ikiimba vizuri unaijibu, na mwalimu wa kwaya hugeuka, hutabasamu, huinama, na kama watu wamefurahi sana, huanza upya.

Nikaona wachezaji wanashtuka. Nusu yao walishusha fidla. Mpiga tarumbeta alitazama kulia na kushoto. Marlys, kiti cha kwanza, upinde uko hewani, macho kwa Mwalimu. Nikaona mabega ya mume wangu yanataka kugeuka, maana miaka yote ya maisha yake kigelegele kilikuwa sauti ya kumgeuza. Nilitaka kukohoa, lakini makofi yangekimeza kikohozi changu.

Hakugeuka.

Mkono ulishuka, katika kelele ile, kwa wakati wake ule ule, kana kwamba hakuna mtu aliyeshusha fidla. Alijua wanakuja. Na wakaja, Marlys kwanza, kisha safu yake, kisha chelo, kisha mapembe, wakiokota njia mmoja mmoja hatua mbili nyuma yake, na makofi yakazimika, na mama akatoka majini akafika ng'ambo. Sehemu ile ya mwisho ni fupi. Fidla zinakwenda juu, juu, na kuisha kama mvuke unavyotoka kwenye nguo iliyoanikwa. Mwalimu aliacha mkono hewani muda mrefu. Safari hii hakuna aliyethubutu.

Kisha akageuka, na sasa ndipo walipopiga vigelegele vya kweli, na hata yule mzee aliyenipa kiti alijaribu kimoja, kikatoka kama kuku.

Baadaye chakula kilifunguliwa kwenye meza za ukumbini, na Wazungu wakasimama mstari wakiuliza majina ya vitu. Donatille alikuja ameinamisha kichwa.

"Pardon, papa Mwalimu. Pardon sana. Mi nilisema imekwisha. Nimekuharibia."

"Hujaharibu," Mwalimu akamwambia. "Siku ile mama alipoteleza, wanawake waliokuwa ukingoni walipiga kelele. Nilikuwa nimesahau kuwaandika."

Alisema kweli au alimhurumia, sijui. Nimekaa naye miaka hamsini na moja na bado siwezi kutofautisha. Bwana Halvorson alikuja kumwuliza kama kuna kipande kingine, Kemunto akajibu kabla ya babu yake, "There's like, eighteen more," na wote wawili wakaanza kuzungumza juu ya mwaka ujao. Nilimwacha hapo. Uso wake ulikuwa wa kijana aliyeniandikia barua kwa wino wa kijani.

Nilikwenda kumtafuta Marlys, kwa kuwa nilikuwa nimemtengea chapati. Alikuwa peke yake jukwaani, wenzake wameshaondoka, anaifuta fidla yake kwa kitambaa laini, polepole kuliko inavyohitaji. Nikamsaidia kukunja kiti. Hakuna aliyemngoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyumba yake ilikuwa safi sana zile siku mbili, na kwa nini kahawa ilikuwa tayari kabla hatujafika.

Nilimpa chapati zake zimefungwa kwenye karatasi ya alumini. Alizishika kwa mikono yote miwili.

"Vile viti vinne bado viko sebuleni," akasema. "Sijavirudisha." Akafunga sanduku la fidla, akalifungua tena, akalifunga. "Philister, Jumanne hii hakuna mazoezi. Hakuna sababu yoyote. Mje hata hivyo."